MKWARUZO WA PIKIPIKI: TUUTENGENEZE WENYEWE AU TUMPE FUNDI?

Ndugu wanachama, na ninyi ndugu zetu wa nchi jirani mnaousoma ukurasa huu wa Kiswahili,

Katika mikutano ya steji tuliyoifanya hapa Busia, upande wa Uganda, kuna swali moja lililorudi mara nyingi kuliko mengine, hata kuliko lile la askari wa barabarani. Swali lenyewe ni hili: pikipiki ikikwaruzika, tangi likachubuka rangi au madigadi ikapata alama, je, mwendeshaji aitengeneze mwenyewe kwa msasa na kopo la rangi, au aipeleke kwa fundi wa rangi na kumlipa?

Wako ndugu watakaocheka. Watasema chama kina mambo makubwa ya kushughulikia, vipi kinapoteza wino kwa mikwaruzo? Sisi tunasema jambo hili si dogo. Ndani yake mna fedha ya chakula cha watoto, mna mapafu ya watu, na mna miguu ya watu. Tutaeleza kwa nini.

Kazi yetu ilizaliwa hapa hapa mpakani katika miaka ya 1960, wakati wasafiri walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na wenye baiskeli wakiita "boda, boda", yaani mpaka, mpaka. Baiskeli ikikwaruzika siku zile haikumnyima mtu usingizi. Ilikuwa yake, na alama ilikuwa yake. Leo wengi wetu tunaendesha pikipiki za watu. Mwingine ni ya tajiri anayedai hesabu yake kila jioni. Mwingine ni ya mkopo, na bado hajamaliza kulipa. Alama moja kwenye tangi huwa deni. Ndiyo maana swali hili linaulizwa kwa moto.

UBISHI WA PANDE MBILI

Upande wa kwanza unasema: fanya mwenyewe. Ndugu hawa wanadai kwamba mafundi wa rangi ni wezi, wanataja bei kwa kuangalia sura ya mtu, na wengine hufunika ufa kwa puti, wakapaka rangi juu, na baada ya majuma mawili ufa ule ule unachungulia tena. Hatusemi ni uongo. Sisi wenyewe tuliwahi kulipia kifuniko cha ubavuni kilichozibwa namna hiyo, kikapasuka siku ya tatu kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Upande wa pili unasema: kila kazi na mwenyewe. Fundi wa rangi ni mfanyakazi kama wewe. Ukimnyang'anya kazi yake kwa kopo la dukani, usishangae siku atakapokunyang'anya yako kwa kumbeba jirani yake kwa nusu ya nauli. Tena ndugu hawa wanasema kuwa tangi lililopakwa na mwendeshaji hujulikana toka mbali: rangi imetiririka kama machozi, na vumbi limeganda ndani yake.

Pande zote mbili zina haki kiasi fulani, na pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinabishana juu ya rangi, wakati jambo la kwanza si rangi.

JAMBO LILILOTUFUNZA

Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa akiendesha pikipiki ya tajiri. Jioni moja ya mvua aliteleza kwenye matope akaanguka ubavu wa kulia. Yeye mwenyewe alichubuka goti tu. Tangi lilipata alama pana kama kiganja cha mkono, rangi yote ikatoka hadi chuma kikaonekana. Makubaliano yake na tajiri, ambayo yalikuwa ya mdomo, yalisema kwamba alama yoyote ni juu ya mwendeshaji. Na alikuwa ameshuhudia mwendeshaji aliyemtangulia akikatwa fedha mpaka akaacha kazi.

Basi mwenzetu alinunua msasa na kopo la rangi nyekundu ya kupuliza. Usiku ule ule akaifanya kazi nyumbani kwa mwanga wa simu. Asubuhi alifika steji tangi linang'aa. Tajiri alipita, akatazama, hakuona kitu. Nasi tulimpongeza. Tulimwita fundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: ndugu, ulipoanguka, gurudumu la mbele liligonga wapi?

Mguu mmoja wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umepinda kidogo. Siku ya nane alifunga breki ghafla kumkwepa mtoto, usukani ukavuta upande mmoja, wakaanguka yeye na abiria wake. Abiria alivunjika mkono. Yeye alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi mitano, na pikipiki ikapewa mtu mwingine.

Tunaandika haya kwa aibu, kwa sababu sisi viongozi wa steji tulikuwapo asubuhi ile na tulilisifu lile tangi.

Ndugu, mkwaruzo ni shahidi. Unaeleza kwamba pikipiki ilianguka, ilianguka upande gani, na kwa nguvu kiasi gani. Anayekimbilia kumfunga mdomo shahidi huyu kwa rangi kabla ya kumsikiliza, anajidanganya mwenyewe na anamdanganya abiria. Wala si ubahili uliomfanya mwenzetu apake rangi usiku. Ni woga. Jambo hili la woga tutalirudia mwishoni, maana ndilo mzizi.

KABLA YA KUGUSA RANGI

Pikipiki iliyoanguka ikaguliwe kwanza, na kazi hii kila mwendeshaji anaiweza bila shilingi moja. Simama mbele yake, libane gurudumu la mbele kwa magoti, utazame kama usukani umenyooka sawa na gurudumu. Tazama kama mafuta yanavuja kwenye miguu ya mbele. Shika mkono wa breki na wa klachi, uangalie ufa. Tazama pa kuwekea miguu, na kanyagio la breki ya nyuma kama limesogea. Nusa kuzunguka tangi. Petroli ikinuka, usiwashe. Mwisho angalia fremu pale kwenye shingo ya usukani na kwenye maungio yaliyochomelewa. Rangi ikiwa imepasuka mistari mistari mahali hapo, huo si mkwaruzo. Ni chuma kilichopindika chini yake.

Ukiona lolote katika hayo, ubishi wa kufanya mwenyewe au kumpa fundi umekwisha. Nenda kwa fundi, na abiria asipande mpaka fundi amesema. Rangi itangoja.

KIPIMO CHA UKUCHA

Ikiwa pikipiki ni nzima na kilichoumia ni ngozi tu, sasa tuzungumze juu ya ngozi. Osha mahali palipokwaruzika kwa maji na sabuni, ukaushe. Kisha pitisha ukucha polepole kukatiza alama.

Ukucha usipokwama, alama haijapita vanishi, yaani lile tabaka la juu linalong'aa. Kazi hii ni yako. Usimpelekee fundi. Dawa ya kung'arisha, ile inayoitwa kompaundi, na kitambaa laini vinatosha. Paka kidogo, sugua kwa mviringo, futa, tazama, rudia. Usisugue sana kwenye kingo za tangi, kwa sababu rangi ya kingoni ni nyembamba na utafika kwenye chuma. Kazi hii hufanywa hapo hapo steji wakati wa kungoja abiria.

Ukucha ukikwama lakini chuma hakionekani, bado ni yako ukiwa na subira. Brashi ndogo, rangi inayofanana, matabaka membamba mawili au matatu, kila moja likauke kabla ya lingine. Baadaye msasa laini wa namba 2000 uliolowanishwa maji, halafu kompaundi.

Chuma kikionekana, usikawie. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuma kilicho wazi katika mvua zetu hushika kutu upesi, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima iliyo jirani. Kama mahali penyewe ni padogo, unaweza kujaribu: ondoa kutu yote, lainisha kingo za rangi ya zamani kwa msasa namba 400 mpaka kidole kisihisi ngazi, paka rangi ya msingi, lainisha kwa namba 800, kisha rangi, kisha vanishi. Kopo lishikwe mbali na tangi kiasi cha shibiri moja na zaidi kidogo, na mkono usisimame mahali pamoja. Usipulize siku ya unyevu mwingi. Rangi itafanya ukungu mweupe. Usipulize usiku kwa mwanga wa simu.

Plastiki ni jambo lingine kabisa. Plastiki haishiki kutu. Kifuniko cha ubavuni kilichokwaruzika kinaweza kukaa na alama yake miaka yote bila kumdhuru mtu. Kikiwa cha rangi nyeusi ya kiwandani yenye ngozi ya chengachenga, usikipige msasa, utaiharibu ngozi ile na haitarudi. Ukitaka kupaka plastiki, lazima utangulize rangi ya msingi ya plastiki. Bila hiyo rangi yako itabanduka kama ganda la kitunguu. Kama kimepasuka na kina ncha kali, kitolewe, kwa sababu kitachana mguu wa abiria. Na alama iliyo kwenye stika haing'arishwi. Stika hubanduliwa ikabandikwa mpya.

KAZI AMBAYO NI YA FUNDI

Tangi lililobonyea ni la fundi. Wengi hujaza puti nene kwenye shimo, nayo puti nene juu ya tangi linalotikisika siku nzima hupasuka.

Tangi linalovuja ni la fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu, na hapa hatutanii. Tangi lililomwagwa petroli likaonekana tupu bado limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usikubali mtu yeyote alisogezee moto tangi kwa maneno ya "nimelimwaga lote". Fundi anayejua kazi hulisafisha kwanza mpaka mvuke wote utoke, na hukueleza amelisafishaje.

Rangi ya mdomoni mwa tangi, pale petroli inapomwagika kila ukijaza, nayo ni ya fundi. Rangi nyingi za kopo la kupuliza hazistahimili petroli. Utapaka leo, kesho tone litaanguka kutoka chupa ya petroli, na rangi italainika na kutoka. Rangi inayostahimili ni ile inayochanganywa na dawa ya kukazia, hadena, nayo si ya kuchezea, kama tutakavyoeleza.

Kupaka pikipiki nzima rangi nyingine ni kazi ya fundi, lakini kabla ya fundi ni kazi ya karatasi. Mwenye pikipiki akubali, na mabadiliko yaandikishwe, la sivyo utasimamishwa barabarani na pikipiki isiyofanana na kadi yake. Wala namba ya fremu iliyogongwa shingoni isifunikwe kwa puti wala kwa rangi nene. Askari akiikosa atakuita mwizi, na hutakuwa na la kujibu.

TUPIGE HESABU

Ndugu wengi wanadhani kufanya mwenyewe ni bure. Si bure. Bei hutofautiana mji kwa mji, kwa hiyo tuchukue mfano tu wa kupigia hesabu, na kila steji iweke bei zake.

Tuseme tangi limechubuka hadi chuma. Msasa shilingi 6,000, kopo la rangi ya msingi 15,000, kopo la rangi 15,000, kopo la vanishi 15,000. Jumla 51,000. Kwa kuwa si mzoefu, pikipiki italala siku mbili, na tajiri anadai hesabu ya 15,000 kila siku ikitembea isitembee. Hiyo ni 30,000. Umetumia 81,000, na bado hatujahesabu chakula ulichokosa kukipata siku hizo mbili.

Tuseme fundi anataka 60,000 na anaimaliza kwa siku moja. Pamoja na hesabu ya siku hiyo ni 75,000. Kumbe fundi uliyemwita mwizi amekuwa rahisi kuliko wewe mwenyewe.

Lakini angalia tena. Kwa tangi moja hukumaliza makopo yale. Nusu na zaidi imebaki, itakauka chini ya kitanda. Kama waendeshaji watatu wenye pikipiki za rangi moja wangenunua pamoja, kila mmoja angetoa 17,000 badala ya 51,000. Pamoja na siku mbili za hesabu inakuwa 47,000. Sasa kufanya wenyewe kumekuwa rahisi kweli. Na kwa ule mkwaruzo usiokwamisha ukucha, kopo moja la kompaundi la steji nzima linatumika kwa miezi, na hakuna siku inayopotea.

Basi tofauti haikuwa kati ya mwendeshaji na fundi. Ilikuwa kati ya mtu aliye peke yake na watu walio pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

SUMU ISIYOONEKANA

Sasa kuhusu mapafu. Rangi inayochanganywa na hadena ina kemikali ziitwazo aisosaineti. Zikipulizwa hewani na kuvutwa huweza kumletea mtu pumu ya maisha, na mapafu yakishazikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye humbana kifua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Barakoa ya vumbi haizuii. Katika karakana zenye vifaa kamili mpiga rangi huvalishwa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa hiyo ndugu mwendeshaji, rangi ya hadena usiipulize nyumbani, wala uani ambako watoto wanacheza, wala hata mara moja kwa kujaribu.

Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi. Ukizipiga msasa zikiwa kavu, vumbi lake linaingia mwilini mwako na mwilini mwa mtoto anayetambaa hapo. Piga msasa kwa maji, na maji hayo usiyamwage penye kisima. Wafanyakazi wa rangi wa nchi nyingi walipigania jambo hili zamani sana. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 13 juu ya risasi nyeupe katika upakaji rangi mwaka 1921. Mwaka 2022 shirika hilo hilo liliitaja kazi iliyo salama na yenye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Na hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga.

Sasa jiulize: yule kijana anayepiga rangi kando ya barabara, amefunga fulana puani, anazo haki hizo? Tunapomshusha bei mpaka alfajiri yake isimnunulie hata barakoa, sisi ni nani kwake? Tunalalamika kwamba abiria anatupunja nauli, halafu tunakwenda kwa fundi tukiwa abiria wabaya kuliko wote. Hili halifai. Fundi anayevuta sumu ili tangi letu ling'ae ni mfanyakazi mwenzetu, hata kama hana kadi ya chama.

MZIZI WA JAMBO

Tumeahidi kurudi kwenye woga. Mwenzetu aliyevunjika mguu hakukosa akili. Alijua kuwa pikipiki iliyoanguka hukaguliwa. Lakini kuikagua kulikuwa ni kukiri kwamba imeanguka, na kukiri kulikuwa ni kukatwa fedha, labda kupoteza kazi. Ilimpasa achague kati ya rangi ya usiku na njaa ya mwezi. Alichagua kama ambavyo wengi wetu tungechagua.

Kwa hiyo tunawaambia matajiri wa pikipiki, bila matusi na bila kuogopa: masharti ya "alama yoyote ni juu ya mwendeshaji" hayalindi mali yenu. Yanaificha hasara mpaka inakuwa kubwa. Mguu wa mbele uliopinda ungenyooshwa au kubadilishwa siku ile ile kwa fedha kidogo, badala yake pikipiki iliharibika zaidi, na watu wawili waliumia. Bima ya lazima tunayolipa ni ya mtu wa tatu. Haimlipii mwenye pikipiki tangi lake, wala haimlipii mwendeshaji mguu wake. Anayebaki kulipa ni sisi wenyewe, tajiri na mwendeshaji, kwa hiyo heri tupatane kabla ya ajali.

Pikipiki inayobeba watu barabarani kutwa itakwaruzika. Pikipiki nyingine itaigusa ikiegeshwa, mzigo wa ndizi utaisugua, mvua itaiangusha. Uchakavu wa kawaida wa kazi ni gharama ya kazi, na gharama ya kazi hutoka kwenye mapato ya kazi, kama vile matairi na mafuta ya injini. Uzembe ni jambo lingine. Aliyelewa akaanguka, na alipe. Hatumtetei.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwanza, siku ya kupokea pikipiki, tajiri na mwendeshaji waitazame pamoja na kuandika kila alama iliyopo: tangi, madigadi, vifuniko, taa. Waweke sahihi wote wawili, na mwenyekiti wa steji akae na nakala. Siku hizi simu nyingi zina kamera. Na zipigwe picha. Mtu asilipishwe alama aliyoikuta.

Pili, kila steji iwe na sanduku la vifaa kutoka kwenye akiba ya steji: msasa wa namba tatu au nne, kompaundi, vitambaa, rangi ya msingi, na rangi mbili tatu zilizo nyingi kwenye steji hiyo. Mwanachama mmoja mwenye mkono mzuri alitunze na kuwafundisha wengine. Anayetumia arudishe kiasi alichotumia.

Tatu, viongozi wa steji wakutane na mafundi wa rangi wa mji wakubaliane bei ya kazi tatu nne zinazojulikana, ili mwanachama asikadiriwe kwa sura yake. Sisi tutawapelekea kazi bila kuwashusha. Wao watatuhakikishia kwamba ufa hautafunikwa kwa puti. Na bei hiyo iwe na nafasi ya barakoa yenye vichujio vya mvuke. Mafundi wakitaka kujiunga na chama, mlango u wazi.

Nne, iwe mwiko katika kila steji kupaka rangi pikipiki iliyoanguka kabla haijakaguliwa mbele ya mwenzio mmoja. Mwanachama asifichwe wala asichekwe. Aliyeanguka na aseme "nimeanguka" bila kuogopa, na wa kwanza kumsikia amuulize kile ambacho sisi hatukumuuliza mwenzetu.

Wenzetu wa Kenya walio ng'ambo ya kizuizi, na wa Tanzania, Rwanda na Burundi, mna matatizo yale yale. Kama steji yenu imepata njia bora kuliko hizi, tuandikieni kupitia ukurasa huu. Hatuoni haya kujifunza kwa jirani.

Mwenzetu yule sasa anatembea, ingawa anachechemea. Ameshika sanduku la kwanza la vifaa, pale kwenye steji yake. Ukimpelekea pikipiki yenye mkwaruzo hafungui kopo. Kwanza hulibana gurudumu la mbele kwa magoti, akautazama usukani.